Acheni kuwafundisha watoto wetu kwamba Farao alipata kiti kwa kuoa dada yake

Wakuu, nimekasirika na sifichi. Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Juzi karudi tuisheni na notsi zimeandikwa kwa herufi kubwa: KITI CHA MISRI KILIRITHIWA KWA UPANDE WA MWANAMKE, MTOTO WA FARAO HATAWALI MPAKA AOE DADA YAKE. Alipouliza, akaambiwa akae chini.

Hiyo nadharia ni ya karne ya 19, na wataalamu wa Misri waliachana nayo tangu miaka ya 1980. Mke mkuu wa Amenhotep III alikuwa Tiye. Baba yake Yuya hakuwa mfalme, mama yake Tuya hakuwa malkia, na Farao mwenyewe aliyaandika majina ya wakwe zake hao kwenye skarabu, yaani hirizi ndogo zenye umbo la mende, akazisambaza. Sasa aliwezaje kukalia kiti karibu miaka 38? Na mwanawe Akhenaten, aliyezaliwa na Tiye huyo huyo, alirithi kupitia binti gani wa mfalme?

Ndiyo, wapo waliooa dada zao. Thutmose II alimuoa Hatshepsut, dada yake wa baba mmoja. Lakini aliyerithi ni Thutmose III, mtoto wa mke mdogo aitwaye Iset! Hatshepsut alianza kwa kumshikia mtoto madaraka, kisha akajitwalia ufalme na yeye.

Utaratibu haukuwa mgumu hivyo. Kwa imani yao, Farao aliye hai ni mungu Horus, aliyekufa ni mungu Osiris, baba yake Horus, na mtoto wa kiume ndiye anayemzika baba. Wa mke mkuu alitangulia, akikosekana, wa mke mdogo. Ramesses II alitawala miaka 66, akawazika wanawe wengi mno hadi kiti kikamwangukia Merneptah, mtoto wa kiume wa 13. Horemheb, jemadari aliyekuwa Farao bila mtoto, alimteua waziri wake, ambaye mwaka 1292 KK hivi akawa Ramesses I. Na kule kuzika kulikuwa na uzito wake: ndani ya kaburi la Farao Tutankhamun amechorwa Ay, mzee ambaye hakuwa mwanawe, kavaa taji la buluu na ngozi ya chui, anamfungulia marehemu kinywa, ibada ya mazishi ya kumwezesha kuishi tena. Pale anatangaza kwamba mrithi ni yeye.

Halafu kuna Ramesses III. Mke wake mmoja, naye akiitwa Tiye, alikula njama na watu wa nyumba ya wake ili mwanawe Pentawere atawale. Vipimo vya mumia vilivyotangazwa 2012 vilionyesha mfalme alikatwa koo. Kiti bado kikaenda kwa Ramesses IV. Kama kuoa dada kungetosha, mama yule angemtafutia mwanawe mchumba, asingehangaika na visu.

Mwenye andiko lolote la Wamisri wenyewe linalotamka sheria hiyo ya dada aliweke hapa. Kama halipo, mwalimu yule afute notsi zake, na mwanangu aruhusiwe kuuliza.