Fanta ya Moshi, ya Namanga na ya London: kwa nini hazifanani?

Mkazi wa Njiro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Dada yangu amerejea kutoka London na makopo matatu ya Fanta ya machungwa, jambo lililomfanya Baba acheke na kuuliza kama huko alikokwenda hakukuwa na zawadi nyingine. Mimi niliona ni nafasi ya kumaliza ubishi wa siku nyingi hapa nyumbani, kwa hiyo nikaweka kopo moja mezani pamoja na chupa ya kioo kutoka duka la jirani, ambayo kwa mikoa yetu ya kaskazini hujazwa Moshi, na chupa ya plastiki niliyoinunua upande wa Kenya nilipopita Namanga. Ile ya London ilikuwa na rangi inayoelekea njano, na utamu wake uliwahi kufika ulimini kisha ukakatika upesi, ukiacha ukakasi mwembamba. Ya Moshi ilikuwa nzito, na gesi yake ilinipanda puani hadi macho yakalengwa na machozi. Ya Kenya ilikaribiana na yetu kwa utamu, lakini gesi yake ilikuwa imepooza. Naomba tulinganishe kwa hoja: tofauti hizi zinatokana na kiwanda, na nchi, au ni mazoea ya midomo yetu tu?

Mama Tengeru

Ndugu Mkazi wa Njiro, geuza kopo hilo usome maandishi yake madogo kabla hujakisifu au kukilaumu kiwanda chochote. Mimi nilikuwa Uingereza wakati serikali ya huko ilipoanza, Aprili 2018, kutoza ushuru vinywaji vyenye sukari nyingi: kinywaji chenye gramu 5 za sukari au zaidi katika kila mililita 100 kilitozwa peni 18 kwa lita, na chenye gramu 8 au zaidi kilitozwa peni 24. Watengenezaji wengi hawakuingoja siku yenyewe. Walipunguza sukari mapema na kuziba pengo kwa vikoleza utamu visivyo sukari, na Fanta ya machungwa ikashushwa chini ya mpaka wa gramu 5. Ukakasi unaoueleza ndio huo. Coca-Cola ya kawaida haikuguswa, ikabaki na gramu 10.6, ndiyo maana mtu akitoka London akaniambia kwamba soda za kule hazina ladha, humuuliza kwanza alikunywa ipi. Afrika Kusini nao walianza tozo yao Aprili mwaka huohuo, ila wao huhesabu kila gramu inayozidi 4 katika mililita 100.

Kijana wa Soweto, Moshi

Shikamoo Mama Tengeru. Nakubali hoja ya ushuru, lakini naomba nasi wa Moshi tupewe haki yetu. Ukitoka mjini kuelekea Arusha Chini unapita katikati ya mashamba ya miwa ya TPC, kampuni ya sukari, na harufu ya molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikitengenezwa, hukupokea kabla hujakiona kiwanda. Soda inayojazwa karibu na miwa kiasi hicho itakosaje kuwa tamu?

Fundi Mitambo, Unga Limited

Kijana wangu, hapo umechanganya mambo mawili. Sukari tunayotia kwenye chai, ile yenye wekundu kidogo, sio inayoingia kwenye soda. Soda huhitaji sukari nyeupe iliyosafishwa sana, kwa sababu mabaki madogo ya molasi yanaweza kubadilisha rangi, harufu na hata namna povu linavyopanda, na kwa miaka mingi nchi yetu imekuwa ikiagiza kutoka nje hiyo inayoitwa sukari ya viwandani. Harufu ya Arusha Chini ni nzuri, lakini haimo ndani ya chupa yako.

Maji nayo husingiziwa mno. Tunajua kwamba maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana floraidi nyingi, na wapo watu wanaodhani ndiyo inayoleta ladha fulani kwenye soda. Kiwanda cha soda hakitumii maji kama yanavyotoka ardhini. Huyachuja na kuyapunguza madini hadi yafanane na kipimo kilichowekwa, kwa kuwa maji yenye alikali nyingi huua uchachu wa kinywaji na kukifanya kiwe chapwa.

Kuhusu gesi, kitazameni chombo. Kioo hakipitishi gesi hata kidogo, ilhali plastiki huipitisha polepole sana kwenye kuta zake, na chupa ndogo hupoteza haraka kuliko kubwa kwa kuwa ukuta wake ni mpana ukilinganisha na kilichomo ndani. Chupa ya Namanga huenda ilitoka kiwandani ikiwa na gesi sawasawa na ya Moshi, ila ilikaa rafu kwa wiki nyingi. Wapo pia wanaosema soda hufoka zaidi Arusha kwa sababu tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kisayansi ni kweli, kwa kuwa hewa ikiwa nyepesi mapovu hukua kwa urahisi zaidi, lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile inayoletwa na kuitikisa chupa kwenye bodaboda.

Mwongoza Wageni, Marangu

Ninawapokea Wamarekani wakishuka mlimani, na wengi wao wakionja Coca-Cola ya chupa getini husema inafanana na ya Meksiko. Maana yao ni kwamba kwao, tangu miaka ya 1980, soda nyingi hutiwa sharubati ya mahindi badala ya sukari ya miwa, kwa sababu sukari inayoagizwa hubanwa na ushuru na viwango vya uagizaji wakati mahindi yao ni mengi na ya bei nafuu. Coca-Cola ya Meksiko, iliyo kwenye chupa ya kioo na yenye sukari ya miwa, huuzwa Marekani kwa bei ya juu na ina mashabiki wake. Nakiri lakini kwamba ushahidi wa wageni wangu una dosari: mtu aliyekunywa maji ya dawa kwa siku sita mlimani, hata ungempa maji ya madafu yaliyochacha angekusifia.

Fundi Mitambo, Unga Limited

Dosari hiyo umeiona vizuri, na ninaongeza nyingine. Kola ina asidi kali, na ndani ya asidi sukari ya miwa huvunjika taratibu kuwa sukari mbili sahili, glukosi na fruktosi, ambazo ndizo zilizomo kwenye sharubati ya mahindi, ingawa kwa uwiano tofauti kidogo. Chupa iliyokaa miezi kadhaa ghalani imeshaanza kufanana na ile ya mahindi inayobezwa.

Mwalimu wa Usa River

Nitaongeza neno moja kuhusu machungwa yenyewe. Fanta ilizaliwa Ujerumani mwaka 1940, vita vilipokatisha mzigo wa sharubati ya kutengenezea Coca-Cola, na ya kwanza ilitengenezwa kwa mabaki ya tufaha na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Ile ya machungwa ilianzia Napoli mwaka 1955. Hadi leo sheria ya Italia hudai juisi halisi kwenye kinywaji cha machungwa, awali asilimia 12 na tangu 2018 asilimia 20, wakati Fanta ya Marekani haina juisi kabisa. Basi jina ni moja, lakini tunalinganisha vinywaji tofauti.

Mwenye Duka, Majengo

Mmesahau swali ambalo mimi humuuliza kila mteja: baridi au ya moto? Wazee wangu wengi hutaka ya moto, yaani isiyoingia kwenye friji, nao husema ni tamu zaidi. Hawakosei, maana ulimi uliopozwa hausikii utamu vizuri. Lakini soda ya moto ikifunguliwa, kisoda huruka na gesi nyingi huondoka nacho. Kreti iliyoshinda barazani juani siwezi kuilinganisha na iliyokaa kivulini, hata kama zimeshushwa na gari moja.

Mkazi wa Njiro

Nawashukuru nyote, nimerudia jaribio Jumapili kwa kufuata maelekezo yenu. Nilichukua kopo la pili la London, chupa ya kioo ya Moshi na chupa mpya ya plastiki, hizi mbili kutoka duka lilelile la jirani, nikazilaza zote kwenye friji moja usiku kucha, kisha nikamimina katika vikombe vya bati vinavyofanana, na Baba akafungwa macho kwa mtandio wa Mama. Ile ya London aliitambua kwa funda la kwanza, mara zote tatu. Ya kioo na ya plastiki alizichanganya mara mbili kati ya tatu, na alipoambiwa akadai tumembadilishia vikombe. Tulipozijaribu zikiwa za moto, alisema zote zimezidi sukari.

Kopo la tatu bado liko kwenye friji, na watoto hulisogeza pembeni wakitafuta chupa.