Miaka 22 jeshini, lakini kwenye fomu ya zabuni za serikali hatuna kisanduku

Ndugu wanajukwaa,

Nimesubiri siku tatu kabla ya kuandika, ili hasira isinitie kinywani maneno nitakayoyajutia. Siku tatu zimepita na hasira iko palepale, kwa hiyo naandika.

Mimi ni sajenti mstaafu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya. Niliandikishwa mwaka 1998 nikiwa na umri wa miaka 20, nikastaafu mwaka 2020 nikiwa na miaka 42. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya ghalani: kupokea, kuhesabu, kutunza na kugawa mahema, maturubai, blanketi, magodoro na viatu, hapa nchini na hata ng'ambo ya mpaka baada ya majeshi yetu kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Nilipolipwa kiinua mgongo sikununua gari wala ploti. Nilinunua cherehani sita za viwandani na mashine ya kugongea pete za shaba, nikakodi karakana Kariobangi hapa Nairobi, nikaajiri watu saba, watatu kati yao wakiwa wastaafu kama mimi. Tunashona maturubai na mahema. Kazi hii naijua kwa mkono na kwa jicho: niletee turubai lolote, nitaukunja upindo wake, nitauvuta mshono kwa kidole gumba, na nitakwambia kama litastahimili mvua za masika au kama litaanza kuvuja kwenye matundu ya uzi kabla ya mwezi kwisha.

Jumatatu iliyopita idara moja ya serikali hapa jijini, ambayo sitaitaja, ilikuwa na zabuni ya maturubai, na tangazo lilisema kwamba zabuni hiyo imetengewa makundi maalumu. Nilibeba cheti changu cha kustaafu jeshini, cheti cha usajili wa kampuni, cheti cha kutodaiwa kodi na kibali cha biashara cha kaunti, nikaenda kuuliza kama mwanajeshi mstaafu anahesabiwa miongoni mwa makundi hayo. Msichana niliyemkuta kaunta alinisikiliza kwa heshima, na lawama zangu si kwake. Alikichukua cheti cha jeshi, akakisoma mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mzee wangu," akasema, "hapa kuna visanduku vitatu tu: vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hiki chako hakina kisanduku." Kisha akashusha sauti, akanipa ushauri ambao nina hakika aliutoa kwa nia njema: "Kwani mama hayuko nyumbani? Andikisha kampuni kwa jina la mama, ama la binti yako, halafu urudi."

Maneno hayo ndiyo nimelala nayo siku tatu. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hajawahi kukata turubai wala hana haja ya kulikata. Utaratibu wa zabuni zilizotengwa unataka kundi linalolengwa limiliki angalau asilimia 70 ya biashara na lishike uongozi wake wote, kwa hiyo ili nifuate ushauri ule ingenibidi nitie saini kwamba karakana niliyoijenga kwa kiinua mgongo changu si yangu, na kwamba uamuzi wa kila siku hauko mikononi mwangu. Huo ni uongo ulioandikwa. Ninawafahamu wastaafu waliofanya hivyo kwa sababu watoto walihitaji karo, wala siwahukumu, lakini inaniuma kuona Jamhuri ambayo mtu aliiapia kwa mkono ulioinuliwa juu inamfundisha, akiwa na umri wa miaka 40 na ushei, kujificha nyuma ya jina la mkewe ili aiuzie maturubai.

Naomba nieleweke vizuri, maana najua jinsi mijadala ya namna hii inavyogeuzwa. Sipingi hata shilingi moja inayokwenda kwa vijana, wanawake au watu wenye ulemavu. Mpango wa kuwatengea asilimia 30 ya ununuzi wa serikali ulizinduliwa mwaka 2013, ukaimarishwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, na ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyofanywa kwa wafanyabiashara wadogo wa nchi hii. Ninachokisema ni kwamba mpango huo una pengo, na pengo lenyewe lina umbo la mwanajeshi mstaafu kabisa.

Tazameni hesabu yake. Katiba, katika kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajafikisha miaka 35. Jeshi linaandikisha makurutu wa kawaida wakiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 26. Aliyeingia akiwa na 20 na kutumikia miaka 22 ameumaliza ujana wake wote ndani ya sare. Wala asidhani kwamba angeweza kuomba zabuni zile wakati akiwa bado kijana na bado kazini, kwa kuwa mtumishi wa umma haruhusiwi kufanya biashara ya namna hiyo na serikali. Alipokuwa na umri unaotakiwa alizuiwa na sare. Alipoivua sare amezuiwa na umri. Serikali iliichukua miaka ileile ambayo leo inaitengea zabuni, ikaitumia, ikaimaliza, kisha ikamwambia mwenyewe kwamba amechelewa.

Mtaniambia kwamba zabuni za wazi zipo kwa kila mtu. Zipo, na nimezijaribu. Mwaka jana niliomba moja. Binti yangu na mimi tulikesha mezani tukizipiga nambari kurasa 112 za maombi, moja baada ya nyingine, kwa sababu ukurasa mmoja ukikosa nambari unaweza kutupwa nje kabla hata bei yako haijasomwa. Ilinibidi niweke dhamana ya zabuni, ambayo kisheria inaweza kufikia asilimia 2 ya thamani ya zabuni yenyewe. Makundi matatu niliyoyataja hayadaiwi dhamana hiyo. Wao hujaza fomu ya tamko tu, na ni haki yao. Mimi nilikopa kwenye sako, pesa zikakaa benki zimefungwa wakati mafundi wangu wakisubiri mshahara.

Barua ya kukataliwa ilikuja na sababu moja: sikuonyesha mikataba mitatu ya kazi ya aina hiyo iliyotekelezwa na kampuni yangu. Nilikuwa nimeambatisha barua ya utumishi inayoeleza kwamba nimesimamia maghala ya mahema na maturubai kwa zaidi ya miaka kumi, kwamba nimepokea mizigo usiku wa manane katika mvua, nimekagua kila kipande, nimekataa vilivyooza na kuvirudisha kwa aliyevileta. Yote hayo kamati ya tathmini haikuyapa alama hata moja, kwa kuwa aliyeyafanya ni sajenti, si kampuni. Nilikuwa na siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya bodi ya kukagua maamuzi ya zabuni, lakini kwenda huko kunahitaji ada, na kwa mtu asiye na mazoea kunahitaji wakili pia, na fedha zangu zote zilikuwa zimefungwa katika dhamana ile ile. Siku 14 zikapita.

Kwa hiyo mlango uliotengwa hatuingii, na mlango wa wazi tunasukumwa nje. Ndiyo maana hapa Nairobi, ukimtafuta mwanajeshi aliyestaafu na cheo cha koplo au sajenti, utamkuta langoni mwa jengo la mtu, amevaa sare ya kampuni ya ulinzi, anaandika nambari za magari kwenye daftari. Simdharau anayeifanya kazi hiyo. Nina rafiki wa karibu anayeifanya pale Upper Hill. Ila mtu huyo alikuwa fundi wa mitambo ya umeme. Aliweza kuifungua jenereta gizani na kuiunganisha tena bila kupoteza skrubu. Serikali ilitumia fedha za umma kumfundisha ufundi huo, na leo inalipa makampuni makubwa kutengeneza jenereta za hospitali zake huku yeye akiandika nambari za magari.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haiwezi kumpa kila mtu upendeleo. Nitawajibu kwa sheria yetu wenyewe. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wa gharama nafuu, na hapohapo kinaruhusu kuwepo kwa makundi ya kupewa kipaumbele katika mikataba. Na ile Sheria ya mwaka 2015, inapoeleza maana ya kundi lisilojiweza, inawataja vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kisha inaongeza makundi mengine yatakayowekwa kwa kanuni. Someni maneno hayo ya mwisho polepole. Haihitajiki kura ya maoni. Haihitajiki hata kuibadilisha Sheria. Inahitajika kanuni itakayotoka katika Hazina ya Kitaifa, yenye sahihi ya Waziri na idhini ya Bunge. Mwaka 2022 tulipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, tukashangilia, tukadhani kutambuliwa huko kutafika hadi kwenye kaunta ya ununuzi. Mimi nimefika kwenye kaunta hiyo, na nimewaelezeni nilichoambiwa.

Na si jambo geni duniani. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1999 iliyoweka lengo kwamba asilimia 3 ya thamani ya mikataba ya serikali kuu iende kwa biashara ndogo za wanajeshi wastaafu walioumia kazini, na lengo hilo sasa limepandishwa hadi asilimia 5. Mwaka 2006 wakatunga sheria nyingine inayoihusu wizara yao ya wanajeshi wastaafu: kama kuna matarajio ya kweli kwamba biashara mbili au zaidi za wastaafu zitaomba kwa bei ya haki, zabuni itengewe wastaafu. Wizara hiyo ikatafuta njia ya kuikwepa kwa kununua kupitia mikataba iliyokwisha kupangwa. Kampuni ndogo ya mstaafu kutoka Maryland, Kingdomware Technologies, ikaishtaki, na mwezi wa Juni 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote wanane kwa kauli moja, ikaamua kwamba neno la sheria ni amri na wizara haina hiari. Nimeusoma uamuzi ule kwa simu yangu karakanani, mara mbili. Kampuni ndogo ya mstaafu ilisimama mbele ya serikali yake ikiwa na sheria mkononi, ikasikilizwa. Mimi sina hata kifungu cha kusimamia.

Wenzetu hao pia wamekumbana na ulaghai, watu wasiowahi kuvaa sare wakimweka mstaafu mbele kama sanamu ili wachume kwa jina lake. Ndiyo sababu wanataka mstaafu amiliki angalau asilimia 51 ya biashara na aiendeshe mwenyewe, na tangu Januari 2023 uthibitisho unatolewa na mamlaka yao ya biashara ndogo. Kwetu ingekuwa rahisi zaidi, kwa sababu kila mwanajeshi ana nambari ya utumishi isiyofanana na ya mwingine, na Wizara ya Ulinzi inaweza kusema kwa siku moja kama mwenye nambari hiyo alistaafu kwa heshima au alifukuzwa. Aliyefukuzwa asipewe. Anayekodisha jina lake afungiwe.

Ninachodai si fedha za bure, na wanaotukumbusha kila mara kwamba tuna pensheni wajue kwamba pensheni ya sajenti hailipi mafundi saba. Ninadai kisanduku cha nne katika fomu ile, hata kikitengewa sehemu ndogo tu isiyopunguza ile asilimia 30 ya wenzetu. Ninadai mstaafu aondolewe dhamana ya zabuni kama walivyoondolewa wengine, na kamati za tathmini zilazimishwe kuihesabu kazi aliyoifanya jeshini kuwa uzoefu. Nikishindwa kwa bei au kwa ubora baada ya hapo, sitamsumbua mtu.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na sisi wastaafu wachache wa Kariobangi, Umoja na Kayole tumeanza kuandika letu. Tunahitaji ushahidi wa maandishi. Kama wewe ni mstaafu wa jeshi na una barua ya kukataliwa zabuni, andika hapa chini tarehe yake, aina ya kazi na sababu uliyopewa, bila kutaja jina la afisa yeyote, nasi tutawasiliana nawe kwa ujumbe wa faragha ili tupate nakala. Aliyeshauriwa atumie jina la mkewe au binti yake naye aandike, hata kama aliukubali ushauri huo, na jina lake hatutaliweka popote. Barua yangu mwenyewe tayari imo kwenye faili, ukurasa wa kwanza, na nambari nimeipiga.