Hom thieta inakwaruza kwenye TV ila kwa flashi iko safi, fundi anataka kubadilisha IC

Mdau_Ngamiani:
Wakuu habari za jioni. Nina hom thieta ya 5.1, zile za spika tano ndogo na sabwufa yake, ipo sebuleni hapa Tanga mwaka wa nne huu na haijawahi kunisumbua. Tangu tubadilishe TV sauti imeharibika, yaani msomaji wa taarifa ya habari akiongea herufi za "s" na "sh" zinatoka kama mtu anachana karatasi, na ikifika kwenye mpira uwanja ukalipuka ndo inapasuka kabisa, spika zote za mbele, hata nikipunguza voliumu ya hom thieta bado inakwaruza ila kwa chini. Nikichomeka flashi ya nyimbo inapiga vizuri, isipokuwa besi ikiwa nzito sabwufa inatoa mtetemo fulani wa ovyo. TV nimeiunga kwa waya wa AUX, kutoka tundu la hedifoni la TV kwenda kwenye tundu jekundu na jeupe nyuma ya hom thieta. Nimempelekea fundi, akaisikiliza kidogo akasema IC ya amplifaya (kile kichipu kinachokuza sauti kabla ya kwenda kwenye spika) inakufa, niache 85,000. Sikuiacha, nimerudi nayo nyumbani. Anayejua anisaidie kabla sijatoa hela, maana mama anapenda mawaidha ya jioni na masikio yake siku hizi si mazuri, sauti ikikwaruza haambulii neno.

kizito_audio:
Pole mkuu. Hizo AUX za barabarani ndo zilivyo, nunua waya mzuri tu.

MamaPacha_Mwanza:
Kwetu iliwahi kukwaruza, tukakuta unyuzi mmoja wa waya wa spika umetoka nje pale unapobanwa, unagusana na wa jirani yake. Chomoa umeme kwanza halafu chungulia nyuma, ni kazi ya dakika chache.

FundiSauti_Temeke:
Kaka usitoe hela. Maelezo yako mwenyewe yanaonyesha IC haina kosa. Flashi, AUX, DVD, bluetooth, vyote vinapita kwenye IC ileile ndo vifike kwenye spika, sasa kama ingekuwa inakufa ingekwaruza na nyimbo za flashi pia, haichagui. Na waya mbovu mara nyingi unapoteza upande mmoja au unakatakata ukiutikisa, hauchani spika zote za mbele kwa mpigo.

Lililonipa jibu ni pale uliposema ukipunguza voliumu ya hom thieta mkwaruzo unabaki ila unakuwa mdogo. Maana yake sauti inaingia imeshaharibika kabla ya kufika kwenye voliumu, na voliumu kazi yake ni kupunguza ukubwa tu, kilichokatwa hairudishi. Sasa nambie, voliumu ya TV yenyewe iko ngapi? Watu wengi wanaipandisha TV mpaka mwisho halafu wanabaki na rimoti ya hom thieta. Tundu la hedifoni lina kiamplifaya chake cha kusukuma hedifoni, ukikifungulia chote kinatoa nguvu kuliko mlango wa AUX unavyoweza kupokea, basi vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa juu na chini, na ndo huo mchano unaousikia. Shusha TV mpaka 40 hivi, ukitaka kelele pandisha hom thieta. Halafu ingia setingi za sauti za TV uzime ikwalaiza na kila kilichoandikwa besi, kwa sababu unakuta TV imeongeza besi na hom thieta nayo imeongeza juu yake, nafasi yote imekwisha hata mtu hajafungua mdomo.

kizito_audio:
Fundi, lakini IC ikipata joto huwa inakwaruza, mi nimeziona nyingi tu.

FundiSauti_Temeke:
Ni kweli kabisa, ila ile inaanza safi ikiwa ya baridi, ikishapiga kwa muda ndo inaharibika, ukiizima ikapoa inarudi vizuri, na inafanya hivyo kwa flashi sawa na kwa TV. Apige flashi saa nzima, ikibaki safi hiyo IC aiache ipumzike. Na kwa yeyote mwenye spika MOJA inayokwaruza, njia ni kuhamisha: toa spika ya kushoto weka kulia, ya kulia weka kushoto. Tatizo likihama na spika, spika ndo mbovu. Likibaki upande uleule, angalia waya au amplifaya. Bure kabisa na hufungui kitu. Tena msifungue hizi mashine kama si kazi yenu, kwenye pawasaplai umeme wetu wa 230 ukishanyooshwa unapita volti 300, na kapasita inaweza kuutunza hata baada ya kuchomoa.

Mdau_Ngamiani:
Fundi Mungu akubariki!! TV ilikuwa 100, mtu aliyetufungia ndo aliiacha hivyo. Nimeishusha 40, nikazima ikwalaiza, mkwaruzo wote umekata, nimeangalia habari mwanzo mwisho hakuna "s" iliyochanika. Flashi nayo imepiga saa nzima safi. Yamebaki mawili, maneno yanatokea kushoto na kulia tu, ile spika ya katikati chini ya TV kimya, na sabwufa bado inatetema.

FundiSauti_Temeke:
Katikati ni kimya kwa sababu AUX inabeba chaneli mbili tu. Bonyeza kwenye rimoti ya hom thieta palipoandikwa Pro Logic au surround, itayavuta maneno kutoka kushoto na kulia iyapeleke katikati. Halafu kwenye setingi za spika pandisha center kwa dB 2 au 3, zilizobaki ziache sifuri, mama atakushukuru. Hilo ni muhimu kuliko kupandisha voliumu yote, maana mtu asiyesikia vizuri ukimwongezea na besi unazidi kumfunika maneno.

Ila ungeachana na AUX kabisa. Angalia nyuma, kama tundu la HDMI OUT la hom thieta limeandikwa ARC (ndo njia ya sauti ya TV kurudi kwenye hom thieta kwa waya uleule wa HDMI), toa waya wa HDMI hapo upeleke kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, sio lolote. ARC imekuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo za miaka hii nyingi zinayo. Kwenye TV uwashe pia ile setingi ya vifaa kuwasiliana, Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Kama hakuna ARC tumia optiko, ule waya unaopitisha sauti kwa mwanga. Sauti ya kutoka kwenye TV iweke PCM kwanza (sauti ya kawaida isiyobanwa), ikishatulia ndo ujaribu Auto upate 5.1 ya kweli kwa filamu zenye Dolby Digital.

Bin_Likoni:
Ndugu yangu hiyo sabwufa niachie mimi, sisi watu wa pwani tunaijua. Toa kava la mbele uangalie ule ukingo unaoshika karatasi ya spika. Kama ni wa sponji, hewa ya joto na unyevu huku kwetu huumaliza, waugusa na kidole unabaki na unga mweusi. Ukioza, karatasi huyumba na koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) husugua sumaku. Weka vidole viwili pande zote mbili za katikati, sukuma taratibu ndani nje. Ukisikia kukwangua koili yasugua, usipige besi tena mpaka utengeneze, itaungua. Kukiwa kimya na ukingo ni mzima, basi kaza skrubu za boksi na uondoe vitu ulivyoweka juu yake.

Mdau_Ngamiani:
Shekhe umepatia. Ukingo umepasuka karibu nusu ya duara, unga umeniachia mkononi. Nimesukuma hakuna kukwangua. Nanunua spika nyingine au ukingo peke yake unauzwa?

Bin_Likoni:
Maadamu haikwangui, koili ni nzima, badili ukingo tu. Kauliza kwa wanaotengeneza spika za magari, na uchukue wa raba, ndio unaohimili unyevu. Pima kipenyo cha karatasi yenyewe na kipenyo cha fremu, nenda na vipimo vyote viwili kwani spika mbili za inchi sita hazilingani. Sponji ya zamani ikwangue yote, gundi haishiki juu ya unga. Anza kugandisha kwenye karatasi, iache ikauke, ndipo uje kwenye fremu, na kabla gundi haijashika sukuma karatasi ndani nje kuhakikisha koili iko katikati. Waya wa + utie alama kabla ya kuuchomoa, ukiugeuza besi itapungua. Ilaze usiku kucha usiiwashe.