Mume wangu tangu apate ajali amekuwa mtu mwingine na ndoa inayumba. Aanze tiba yeye au twende wote wawili?

BintiMikindani:
Habarini ndugu zangu, naombeni mnisomee mpaka mwisho maana sina pa kuyasemea haya. Mume wangu alipata ajali ya basi kabla ya msimu wa korosho uliopita, walikuwa wanarudi kutoka Dar yeye na mdogo wake, mdogo wake akafia palepale kiti cha jirani, yeye akatoka na mkono umevunjika. Mkono umepona ila yeye mwenyewe hajarudi. Usiku anashtuka anapiga kelele jasho linamtoka, mchana bodaboda ikipiga honi karibu anaruka. Gari hapandi kabisa, shamba letu liko Tandahimba na msimu mzima hajafika, mjomba wake ndo kasimamia kila kitu mpaka mnadani. Jina la marehemu halitajwi ndani, picha zake kazitoa ukutani. Nikimuuliza una nini anasema nipo sawa, nikiendelea kuuliza anafoka, nikinyamaza na yeye ananyamaza tunashinda hivo hivo, usiku anahamia sebuleni. Niseme ukweli hajawahi kuninyanyulia mkono. Ila watoto wameanza kumkwepa na mimi nimechoka jamani.

Somo wangu aliyenifunda ananiambia nivumilie, nimpikie, chumba kinukie. Mama mkwe anasema kuna kitu kilimwingia pale barabarani akasomewe. Duka la dawa wanampa vidonge vya usingizi. Mi nasikia kuna tiba ya kuongea na mwanasaikolojia, sasa mtu asiyetaka kuongea anatibiwaje kwa kuongea? Na tuanze na ndoa au tuanze na yeye? Hela ya kwenda kukaa Dar hatuna.

MzeeWaNewala:
Pole sana mwanangu, na Mungu amrehemu shemeji yako. Mimi sipingi asomewe, dua haijamdhuru mtu, mkasomeeni, ila msikubali afungwe au achapwe eti shetani atoke, na msikubali aambiwe aache hospitali. Halafu huyo mjomba wake aliyesimamia korosho usimuache pembeni. Huku kwetu kusini mjomba akisema twende, mtu anakwenda, hata kama mke amesema mara mia hakusikilizwa. Mwambie yeye amsindikize.

NesiMstaafu:
Dada pole. Nimefanya kazi kitengo cha afya ya akili kwa muda mrefu kwa hiyo nisamehe nitaandika mengi.

Hayo uliyoyataja yote, kushtuka, ndoto, kukwepa gari, kutoa picha, hasira, kujitenga, ni dalili za kiwewe, wataalamu wanaita PTSD, na yakizidi mwezi mmoja bila kupungua na yanamzuia mtu asiishi maisha yake hapo ndo tunasema ni ugonjwa unaohitaji tiba. Sio kwamba hakupendi na sio kwamba somo wako hujamsikiliza vizuri. Hata ukipika mpaka mwisho wa upishi, ile ajali bado inaendelea kichwani kwake. Kumbukumbu ya kawaida inakaa na tarehe yake, imepita. Ya kiwewe ni kama gunia la korosho lililotupwa ghalani bila kupimwa wala kuandikwa, kila anayepita analikwaa. Tiba kazi yake ni kulipima na kuliweka mahali pake. Linabaki kuwepo, ila halimwangushi tena.

Sasa aina. Kuna tiba inaitwa ya kukabiliana na kumbukumbu, aliyeifanyia kazi sana ni mama mmoja wa saikolojia Edna Foa, inachukua kama vikao 8 mpaka 15. Mgonjwa anasimulia tukio mwanzo mwisho mbele ya mtaalamu, anarudia na kurudia mpaka mwili unazoea kwamba kusimulia sio ajali yenyewe. Sambamba na hilo anapewa mazoezi ya vitu anavyovikwepa, vile visivyo na hatari. Kwa mumeo ingekuwa hivi, siku za mwanzo mnakwenda tu kusimama stendi mnaangalia magari, baadae anakaa ndani ya gari limezimwa, baadae Mikindani mpaka Mtwara mjini, kile kipande cha kama kilomita 10, ndo mwisho aje afike njia panda ya Mnazi Mmoja na Lindi. Hatua moja hairukwi mpaka woga wa hatua iliyopita umeshuka. Nyie wa nyumbani msimpakie kwenye basi kwa nguvu mkidhani mnamsaidia, mtamwongezea.

Ya pili ni ya kushughulikia fikra, Patricia Resick ndo mwanzilishi, kawaida vikao 12. Hii inafaa sana kwa mtu anayejilaumu. Na mimi nahisi, sijamwona lakini nahisi, mumeo kuna sentensi anaibeba, mfano "mimi ndo nilimwambia akae dirishani" au "kwa nini nimepona mimi". Mtaalamu anamsaidia aichunguze hiyo sentensi, ushahidi wake uko wapi, nani alikuwa anaendesha lile basi. Kwa hili sio lazima asimulie damu na vyuma vyote, kwa hiyo swali lako la mtu asiyetaka kuongea jibu lake moja ni hili.

Ya tatu ni EMDR, ilianzishwa na Francine Shapiro Marekani mwaka 1987. Mgonjwa anashika kumbukumbu akilini kwa muda mfupi huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu kulia kushoto. Inaonekana kama mchezo, na wataalamu wenyewe bado wanabishana hayo macho yana kazi gani hasa, lakini matokeo yapo, na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2013 liliitaja pamoja na tiba ya fikra na tabia, ambayo zile mbili za kwanza ni aina zake, kuwa ndizo za kutumia kwa PTSD. Mwongozo huo huo ulisema vidonge vya kutuliza kama diazepamu visitumike kutibu dalili za mshtuko kwa watu wazima ndani ya mwezi wa kwanza baada ya tukio. Vinalaza lakini havitibu, na vina mazoea. Hivyo vya dukani vipelekeni mkamwonyeshe daktari, ila asiviache ghafla kama amevitumia siku nyingi. Zipo dawa zinazosaidia kweli, mfano setralini, lakini hizo anaandika daktari.

Kuhusu ndoa au yeye. Umesema hajakupiga, na hilo nimelisoma mara mbili, kwa sababu kukiwa na kipigo jibu langu lingekuwa jingine kabisa, usalama wako kwanza, dawati la jinsia polisi na ustawi wa jamii, na kikao cha mke na mume mkiwa wote chumbani kisingefaa maana ungeogopa kusema au ungesema ukarudi nyumbani ukalipia. Kwa hali yenu mnaweza kwenda vyote. Kuna tiba ya wanandoa iliyotengenezwa kwa PTSD hasa, Candice Monson na wenzake walitoa utafiti wake 2012, vikao 15, wawili mnakaa pamoja na kinachotibiwa ni kiwewe na uhusiano kwa wakati mmoja. Na kuna ile ya Sue Johnson wa Kanada ya miaka ya 80, inaangalia mzunguko wenu. Wewe unauliza, yeye anafoka au anakimbilia sebuleni, wewe unaumia unauliza zaidi, yeye anajifungia zaidi. Hapo adui ni huo mzunguko, na wote wawili mnauogopa kwa namna zenu.

KakaWaChikongola:
Nesi heshima yako ila hizo ni tiba za wazungu. Mmakonde umkalishe kwenye kiti umwambie afuate kidole kweli? Sisi tuna wazee, tuna mabaraza, ndoa ikigoma inapelekwa usuluhishi. Na hao wanasaikolojia wenyewe mkoani ni wangapi?

NesiMstaafu:
Kaka swali lako la mwisho ni la haki kabisa, wachache, na linaniuma. Ila la wazungu sikubaliani nalo. Kuna tiba ya kusimulia maisha iliyofanyiwa kazi kambi za wakimbizi Uganda ikiwemo Nakivale, kwa Warwanda na Wasomali, na waliotibu walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa, hata udaktari hawana. Wanatandika kamba chini ndo maisha yako, ua kwa kila jambo zuri, jiwe kwa kila baya, halafu unasimulia kuanzia kuzaliwa. Nani hapa hajakulia kwenye kusimuliwa? Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 na bibi wa mtaani wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Na hapa hapa kwetu Moshi, watoto waliofiwa na wazazi walitibiwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo. Hizi kazi zinafanyika na watu wetu, kinachokosekana ni mafunzo na mpango.

Usuluhishi mi nauheshimu, na sheria ya ndoa ya 1971 yenyewe inataka shauri lipite kwenye bodi ya usuluhishi kabla ya talaka kufika mahakamani. Lakini baraza linaamua nani kakosea. Huyu bwana hajakosea, anaumwa. Mkimpeleka barazani mtamwongezea aibu juu ya msiba.

MamaKorosho_Masasi:
Dada mi nimepitia, sio ajali, nilivamiwa na majambazi nyumbani. Nikafanya tiba ya kusimulia na mshauri mmoja mzuri sana. Nikuambie kitu ambacho hawakwambii, mwanzoni ndoto ziliongezeka badala ya kupungua, nikataka kuacha kabisa, mshauri akawa ameshaniambia mapema kwamba itakuwa hivo kwa hiyo nikavumilia, na baadae zikashuka kweli. Kwa hiyo mumeo akirudi kikao cha pili kanuna usiseme tiba imeshindikana. Na siku ya kikao msimpangie kazi nyingine, mwache akae. Kingine, ukienda kwa mshauri muulize waziwazi, unatumia njia gani, kuna vikao vingapi, tutajuaje kama inafanya kazi. Akikujibu "tutaongea ongea tu" tafuta mwingine. Mi wa kwanza niliyemwona aliniambia nisamehe nisahau na nisali, sikurudi.

BintiMikindani:
Nimelia nikisoma. Hiyo ya kukaa dirishani nesi sijui umejuaje, siku ya msiba alisema kitu kama hicho mara moja tu halafu hakurudia tena. Asanteni sana wote. Sasa nimwambieje? Nikitaja hospitali ya akili atasema namwita chizi.

NesiMstaafu:
Usitaje hiyo. Anza na mwili, anza na usingizi, wanaume wengi huku wanakubali kutibiwa usingizi. Mwambie "baba fulani, naona hulali, na mimi silali, twende tukaangaliwe wote". Umwambie wakati ametulia, sio usiku ameshtuka. Usiku akishtuka usimtikise, mwite jina taratibu, mwambie upo nyumbani, ni usiku, watoto wamelala, mpe maji. Usimuulize umeota nini.

Hospitali ya kanda ipo Mitengo, huko huko upande wenu, na Ligula, ile hospitali ya mkoa, ipo Mtwara mjini. Mkifika ulizeni kitengo cha afya ya akili na ofisi ya ustawi wa jamii, na ulizeni mtaalamu anakaa siku gani za wiki kabla hamjapanga safari. Gari hapandi, kwa hiyo msimwambie daladala, kama anaweza bajaji au baiskeli nendeni nayo, au mwendo wa miguu na mjomba wake asubuhi. Na hata akikataa, wewe nenda. Mke wa mgonjwa naye ana haki ya kuonwa, na wengi niliowahudumia waume zao walikuja baada ya kuona wake zao wamerudi wamepumua kidogo.

MzeeWaNewala:
Mjomba asiambiwe kwa simu. Mfuate kwake, umweleze hilo la dirisha pia, maana yeye ndo alizika.