Nimeulizwa mbele ya darasa zima kama nilifunzwa hesabu na makanga!!!

Nimetoka darasani saa hii, mikono bado inatetemeka. Sitaji jina la mhadhiri. Wa mwaka wa kwanza mnamjua, yule wa kalkulasi, wa kalamu nyekundu.

Swali lilikuwa la fanksheni (kanuni unayoipa namba, nayo inakupa namba) ndani ya fanksheni. Ya nje, f(u), ni 1 u ikiwa sifuri au zaidi, na ni -1 u ikiwa chini ya sifuri. Ya ndani ni g(x) = x². Tafuta limiti ya f(g(x)), yaani thamani inayosogelewa, x ikikaribia 0. Nikaandika 1. Akakata alama zote 6! Eti kushoto kwa sifuri f ni -1, kulia ni 1, kwa hivyo f haina limiti hapo na swali limekwisha.

Jamani, x² imewahi kuwa hasi lini? Uje na kushoto, uje na kulia, inafika sifuri kwa upande wa chanya tu. Ile -1 haiguswi. f(g(x)) ni 1 kila mahali, kutoka Githurai hadi Rongai! Nikainua mkono, nikaeleza kwa heshima zote. Akanitazama kama mtu aliyedandia matatu bila nauli: "Nani alikufunza hesabu, makanga?" Darasa zima likacheka. Mlinzi wa mlangoni akacheka. Hata viti vilicheka.

Makanga! Mimi niliyekesha na nadharia ya limiti wiki nzima, stima zikipotea nawasha tochi ya simu! Na hakusoma hata mstari wa pili. Nani alikufunza hesabu, makanga!

Kipeo_cha_Pili: Jibu lako ni sahihi, pole. g ikienda kwenye namba L, na f ikiwa endelevu (haina mruko) pale L, limiti ni f(L). Sharti hilo linatosha lakini si la lazima. Likikosekana hujamaliza, unaangalia g inafikaje hapo L. Yeye amelisoma kinyume.

Shangazi wa Zimma: Uliandika sababu, ama ni 1 tu ukakaa? Hata mimi ningekata.

Mwenye uzi: NILIANDIKA! Mstari wa pili! "x² haiwi hasi." Angesoma huo tu asingeniita mtoto wa makanga!

Kipeo_cha_Pili: Hakukuita mtoto, alisema mwanafunzi wake. Na hata wakubwa hukosea: Cauchy mwenyewe, gwiji wa hesabu, mwaka 1821 alidai kwamba ukijumlisha mfululizo usio na mwisho wa fanksheni endelevu, ukiwa na jumla, jumla hiyo ni endelevu. Mwanahesabu Abel akatoa mfano wa kumpinga mwaka 1826.

Mwenye uzi: Na Abel aliulizwa nani alimfunza?

Konda wa Thika Road: Kwani makanga amekosa nini? Nagawa chenji ya gari zima gizani, mlango wazi, bila kalkuleta. Huyo wenu ajaribu.

Nyanya Moja Kumi: Wewe unayejua kuhesabu, mbona jana tone la kwanza la mvua nauli ikaruka kutoka 50 hadi 100 kabla hatujafika Roysambu?

Kipeo_cha_Pili: Hapo hakuna mwendelezo kabisa.

Konda wa Thika Road: Uliza mwenye gari, si mimi.

Mwenye uzi: Wadau, turudi kwa x². Kesho niende ofisini kwake ama nisiende?

Shangazi wa Zimma: Ngoja kwanza. Konda, hiyo gari yenu ni ya rangi gani? Kuna mtu alibaki na mia mbili yangu pale Allsops.