Impreza STI ya 2004 hapa Arusha inakohoa ikivutwa: nianze na marekebisho au matengenezo?

BoksaWaNjiro (Arusha)

Ndugu zangu wapenzi wa magari, naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa. Miezi mitatu iliyopita nilinunua Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, ya gia sita za mkono, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiitumia hapa hapa Arusha. Dashibodi inasoma kilomita 131,000, bodi ni safi, na moyo wangu umeridhika nayo kwa kila kitu isipokuwa jambo moja.

Nikiwa kwenye gia ya tatu nikakanyaga mafuta mpaka chini, gari linavuta vizuri hadi mizunguko ya injini kama 4,200 kwa dakika, kisha linasita na kukohoa mara mbili au tatu kama mtu aliyepaliwa na pilipili, halafu linaendelea. Nikiendesha taratibu kutoka Njiro hadi mjini sioni tatizo lolote, na taa ya injini haiwaki. Asubuhi kuna mlio wa kugonga unaosikika kwa muda mfupi, lakini injini ikipata moto unapotea kabisa.

Fundi mmoja niliyempelekea alilisikiliza kwa dakika tano akasema kuwa Arusha iko juu, hewa ni nyepesi, na kwa hiyo gari linakosa pumzi. Dawa aliyoipendekeza ni kutoa masega (kichujio cha moshi) kwenye ekzosi, kufunga filta ya wazi, kufunga ile vali ya kuachia upepo nje inayopiga “psssh”, na kuongeza presha ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Kwa kazi yote anataka shilingi milioni mbili na nusu. Sikatai kwamba mlio ule unanivutia, ila nina wasiwasi, kwa sababu hata historia ya taimingi belti siijui. Je, ni kweli mwinuko unaweza kuleta kikohozi cha namna hii, na mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Mzee wa Boma (Boma Ng'ombe)

Kijana wangu, hongera kwa gari, na pole kwa fundi. Mimi ni miongoni mwa wale walioambukizwa ugonjwa wa boksa, hizi injini za Subaru zenye pistoni zilizolala, mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza, na tangu hapo nimemiliki tatu, kwa hiyo nakujibu kwa makovu niliyonayo.

Suala la mwinuko ni la kweli, lakini fundi amelishika upande usio wake. Pwani hewa inatukandamiza kwa baa 1 hivi (baa ni kipimo cha presha). Arusha mjini, kwenye mita kama 1,400, inabaki karibu baa 0.85. Gari lisilo na tabo linapoteza takriban asilimia 15 ya pumzi yake hapo hapo, na ndiyo maana gari la kawaida la mtu wa Tanga likifika Ngaramtoni huonekana limezeeka ghafla. Lenye tabo kwa kawaida hupoteza pungufu ya hapo, kutegemea kontroli boksi (kompyuta ya injini) inavyoamua, ila hupoteza kwa ulaini, kuanzia chini hadi juu. Mwinuko haufanyi injini ikohoe kwenye mizunguko 4,200 na kuiacha salama kwenye 3,000. Kikohozi ni ugonjwa, na ugonjwa huo hata ukilipeleka gari Pangani utakwenda nao.

Sasa angalia hatari ya kuongeza presha. Tuseme tabo inatakiwa kuipa injini jumla ya baa 2. Ikiwa Dar es Salaam, inaikandamiza hewa mara mbili. Ikiwa Arusha, ili ifikishe baa 2 zile zile, inabidi iikandamize hewa ya nje mara 2.35. Itazunguka kwa kasi zaidi na hewa itatoka ya moto zaidi, na hewa ya moto ndiyo chanzo cha petroli kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Watu watakwambia kwamba mlimani injini haihitaji oktani kubwa, yaani petroli inayostahimili zaidi kulipuka mapema. Hilo ni sahihi kwa gari lisilo na tabo, lakini wewe ukirudisha kwa nguvu ile presha ambayo mlima umeiondoa, nafuu hiyo umeifuta mwenyewe. Na usisahau kwamba STI ya Japani ilitengenezwa ikitegemea petroli ya oktani 100, ambayo vituo vyetu havina.

Kuhusu ile vali ya “psssh”, nakuomba uiache. Gari lako lina sensa inayopima hewa mara tu inapopita kwenye filta. Hewa ikishapimwa, kontroli boksi inaiandalia petroli yake. Ukiachia mguu ili ubadilishe gia, vali ya kiwandani huirudisha hewa ile ile kwenye mzunguko. Ya fundi wako itaitupa nje, na petroli iliyoandaliwa kwa ajili yake itabaki bila mwenzake. Matokeo yake ni moshi mweusi kila unapobadilisha gia na gari kushtuka. Utakuwa umelipia kikohozi cha pili.

DadaSpana (Kijenge)

Mzee wa Boma, shikamoo. Kwa hesabu za hewa sina la kuongeza, kwa hiyo nitazungumzia mambo ambayo mikono yangu huyashika kila siku.

BoksaWaNjiro, jambo la kwanza leo hii, kabla ya kula chakula cha jioni, chomoa kijiti cha oili ukiwa umeegesha mahali tambarare na injini imepoa. Injini hizi hubeba oili isiyozidi sana lita nne, baadhi yake huila, na dashibodi haikuonyi kwamba imepungua. Taa nyekundu ya oili huwaka presha ikiwa imeshaanguka, yaani beringi zikiwa zimeshaumia. Wengi wanaoniletea injini iliyonoki, yaani iliyoua beringi, walikuwa na pesa ya rimu mpya lakini hawakuwa na mazoea ya kuangalia kijiti. Mimi huwashauri wateja wangu waangalie kila wanapojaza mafuta na wabadilishe oili pamoja na filta kila kilomita 5,000, tena mapema zaidi kwa anayepita barabara za vumbi.

Mlio wako wa asubuhi, kwa jinsi ulivyouelezea, unaelekea kuwa pistoni zinazocheza kwenye silinda zikiwa baridi, jambo ambalo magari haya huishi nalo miaka mingi. Mlio wa beringi una tabia ya kinyume: injini ikipata moto unazidi, na unasikika vizuri zaidi mizunguko inaposhuka. Ili usilale na mashaka, utakapomwaga oili, ichunguze juani kwenye beseni jeupe, kisha ipasue filta na utandaze karatasi yake. Ukiona chenga zinazong'aa rangi ya shaba, usiliwashe gari tena.

Taimingi belti isiyo na historia ihesabiwe kuwa imekwisha. Kiwanda cha Japani kimeiwekea kilomita 100,000, na mpira huzeeka hata gari likikaa tu. Injini hii belti ikikatika, vali na pistoni hukutana uso kwa uso. Badilisha pamoja na roli zake, tenshena na pampu ya maji, kwa kuwa ufundi ni ule ule. Ukimaliza, jaza kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) halisi. Usijaze maji ya bomba. Maji yetu ya chini ya Meru yameshatupaka meno rangi, sioni sababu ya kuyanywesha rejeta.

Nikija kwenye kikohozi: kabla ya kununua chochote, omba gari lipimwe uvujaji wa hewa. Tunaziba mdomo wa bomba la hewa kwa kifuniko chenye pua ya tairi, tunaingiza upepo wa kompresa taratibu mpaka kama baa 1, kisha tunapuliza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kipimo hiki huchukua nusu saa. Chunguzeni hasa mpira unaoingiza hewa kwenye tabo, ule uliojificha chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), kwa sababu hauonekani kwa macho na watu huusahau.

KonaZaMarangu (Moshi)

Nawaheshimu wote wawili, lakini naona mnamtisha kijana. Masega na ekzosi si dhambi. Mimi nilibadilisha bomba la kwanza linalotoka kwenye tabo na gari likapumua vizuri sana, ila nilikwenda nalo kwa mtu anayeandika upya programu ya kontroli boksi, akaniwekea kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi, tukazunguka nalo zaidi ya saa mbili akirekebisha kwa petroli yetu ya kawaida. Bila hatua hiyo ya mwisho ningekuwa nimenunua kelele tu. Kwa hiyo utaratibu ni gari kupona, kisha vyuma, kisha programu kwa pamoja na vyuma hivyo, na si vyuma leo na programu “pesa ikipatikana”.

Filta ya wazi naikataa kwa sababu moja: inakaa kwenye joto la injini na kuvuta hewa ya moto, na zile zinazopakwa mafuta, ukizidisha, huichafua sensa ya hewa. Boksi la kiwandani lenye karatasi safi linatosha.

Jambo ambalo hamjaligusa ni kusimama. Mimi hushuka kutoka Marangu hadi Himo karibu kila wiki, na siku moja pedali ya breki ilizama mguuni mwangu kama nimekanyaga godoro. Kalipa na pedi zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mafuta ya breki ambayo hayakuwa yamebadilishwa tangu gari liingie nchini, yakawa yamenyonya unyevu na kuchemka. Tangu siku hiyo nayabadilisha kila baada ya miaka miwili. Angalia pia tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 3216 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2016, na tairi hilo hata likiwa na meno marefu halifai kwa gari la kasi. Na ukishawishika kununua rimu, pima kwanza umbali wa matundu ya boliti, maana STI za mwanzo ni milimita 100 na za baadaye ni 114.3, na mwaka wako uko mpakani.

Suala la kulishusha gari sitalizungumzia. Hesabu matuta kati ya Usa River na uwanja wa ndege wa KIA, utapata jibu.

Mzee wa Boma (Boma Ng'ombe)

Marahaba, DadaSpana. KonaZaMarangu, nakubali kwamba ekzosi yenye programu yake si kosa. Nilichokipinga ni presha kuongezwa na mtu asiyekuwa na kipimo chochote zaidi ya sikio lake.

BoksaWaNjiro (Arusha)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili, na nawashukuru kwa dhati.

Oili ilikuwa chini ya alama ya chini kabisa kwenye kijiti. Niliimwaga kama nilivyoelekezwa, nikapasua filta. Karatasi ilikuwa nyeusi, lakini sikuona chenga ya shaba hata moja. Kisha nililipeleka gari kwenye gereji nyingine, wakafanya kipimo cha upepo na sabuni. Sindano ilipofika nusu baa tu, tukasikia sauti ya kufoka kutoka chini ya manifoldi, mahali ambapo hakuna aliyeweza kupaona. Kijana wa gereji akaingiza kioo kidogo cha duara pamoja na tochi, na humo tukaona mapovu yakitoka kwenye ule mpira alioutaja DadaSpana. Tulipoutoa, ulikuwa na ufa mrefu kama kidole changu kidogo, uliofunga vizuri kabisa ukiuachia na kufunguka kama mdomo wa samaki ukiukunja. Bila shaka tabo ilipokuwa ikivuta kwa nguvu ndipo ufa ulipofunguka, hewa isiyopimwa ikaingia, na petroli ikawa pungufu. Plagi mbili zilikuwa na kauri nyeupe kama chaki.

Kilichonisikitisha zaidi ni kuta za ndani za mpira huo baada ya ufa: zilikuwa na ukungu wa vumbi la rangi ya udongo wetu, vumbi ambalo halikupita kwenye filta yoyote. Tumechungulia mapanga ya tabo. Ncha zake zimechakaa kidogo, lakini shafti haichezi, kwa hiyo inabaki kazini kwa sasa.

Mpira mpya wa silikoni umeletwa na basi kutoka Dar es Salaam na umeshafungwa, pamoja na plagi nne. Jana asubuhi nilivuta gia ya tatu kwenye baipasi hadi mizunguko 6,000 bila kikohozi. Fundi wa kwanza nimemjulisha kwamba sitaendelea na kazi yake. Belti, roli, tenshena na pampu ya maji vinafungwa Jumamosi, na mafuta ya breki yatabadilishwa siku hiyo hiyo. Tairi zangu zinasoma 0915, kwa hiyo ekzosi itasubiri mwakani.

DadaSpana (Kijenge)

Ukifungua belti Jumamosi, waambie wakague pia sili za mbele za kamshafti na ile ya kranki wakati kila kitu kiko wazi. Zikionyesha unyevu wa oili, zibadilishwe kabla belti mpya haijaguswa nao. Na usiitupe ile belti ya zamani. Ikunje kinyumenyume uangalie nyufa kati ya meno yake, utaona ilikuwa imechakaa kiasi gani.