Ovataimu ya mwandishi wa habari: saa zetu anaziandika nani?

Ndugu zangu, naufungua mjadala huu kwa sababu juzi tuliachana vibaya. Tulikuwa tunakunywa kahawa tungu karibu na Fort Jesus, hapa Mombasa, watu wanne wa kazi hii. Mmoja ni mhariri wa zamani, mtu mzima ninayemheshimu. Akasema mwandishi anayedai ovataimu bado hajaijua kazi yake. "Habari haina saa. Anayetaka kutoka saa kumi na moja akafanye kazi benki." Vijana wawili walionyesha uso wa kukataa, lakini kwa adabu wakanyamaza. Nawasemea hapa, na mwenye rai nyingine aje aiseme.

Nianze na alipopatia. Habari haina saa, kweli. Jumapili jioni ya 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama Likoni na mama na mwanawe ndani, mimi nilikuwa nyumbani, siku yangu ya mapumziko. Nilipigiwa simu, nikaenda mbio. Tulishinda pale kivukoni mpaka miili ilipotolewa, Ijumaa ya 11 Oktoba. Chakula chetu kilikuwa viazi karai na chai ya vibanda vya karibu. Nalala saa saba usiku, alfajiri niko tena ukingoni nikiwatazama wapiga mbizi. Sijutii hata saa moja ya siku zile. Watu walikuwa wanataka kujua, na ndiyo kazi niliyoichagua.

Lakini mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa uleule. Niliahidiwa ofu, yaani siku za mapumziko, za kufidia, "utazichukua mambo yakitulia." Mambo hayakutulia. Mkuu wa dawati akabadilishwa, na aliyekuja hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba Jumapili zile nilikuwa kazini.

Kwa hiyo mzee wangu, kazi kutokuwa na saa ndiyo sababu hasa ya kuzihesabu. Tazama Kilindini. Bandari haifungi, meli ikifunga gatini saa tisa za usiku, hupakuliwa saa tisa za usiku. Sijamsikia mtu akimwambia kuli kwamba akidai ovataimu basi haipendi bandari. Wazee wao waligoma mwaka 1939, wakagoma tena Januari 1947 pamoja na wafanyakazi wengine hadi mji mzima ukasimama, na leo chama chao kinakaa mezani na mwajiri kuandika mkataba wa pamoja. Sisi ndio tunaoziandika habari za mapatano yao, kisha tunarudi ofisini kukaa mpaka usiku kwa mshahara wa mchana.

Sheria haijanyamaza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira yanayofaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kanuni za jumla za mishahara zinaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52. Inayozidi hulipwa mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Anayelipwa kwa mwezi, saa yake hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi kwa 225. Chukua mwenye 45,000: saa yake ni shilingi 200, ovataimu 300. Akifanya saa 64 kwa wiki, anadai 3,600. Kwa dada anayetoka studio saa tano za usiku na kukaa Mtwapa, hiyo ni nauli ya kufika kwake salama, na nyingine ya unga.

Mhariri alikuwa na hoja moja iliyonikwama, nayo siwezi kuipuuza. Alisema matangazo yamehamia kwenye simu, na ukimbana mwenye gazeti kwa ovataimu atawaacha walioajiriwa na kuwachukua wanaolipwa kwa habari iliyotoka. Hilo linatokea, nimeliona. Na hao ndio wanaoniuma zaidi. Yuko Kwale au Taita Taveta, bando lake, bodaboda yake, na habari isipotoka hana kitu. Mwaka 2023, maiti zaidi ya 400 zilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, waandishi wa namna hii walikuwa miongoni mwa waliotuletea habari. Kwao neno ovataimu halina hata pa kuanzia, kwa sababu saa ya kwanza yenyewe haihesabiwi.

Ndiyo maana nasema tusianze na pesa. Tuanze na daftari. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi ya mwandishi na ya mkuu wa dawati, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa wote humo. Kuweka kumbukumbu za wafanyakazi ni wajibu wa mwajiri kisheria, lakini madai mengi ya ovataimu huanguka mahakamani kwa kuwa mdai hawezi kusema ni siku gani na saa ngapi. "Nilikuwa nachelewa kutoka" haitoshi. Vijana, wekeni ujumbe wa simu mnaotumiwa usiku na dawati. Wapiga picha, kamera yenu inaandika saa. Na msikae nalo: dai la kazini hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Yangu ya Likoni yameshakwenda.

Kama chumba cha habari hakina pesa, kitoe ofu ndani ya mwezi uleule, kwa maandishi. Hilo ningelikubali leo.

Wahariri mliopo, nawauliza nyinyi kwanza: daftari likiletwa mezani Jumatatu, mtatia sahihi? Na kama hamtatia, kinachowazuia ni nini?